Hicho Kistima Hakipigi Pasi, na Anayekuuzia Anajua

Wasee, leo naongea na nyinyi mlio na pesa ya kwanza mfukoni. Pesa ya atachi, pesa ya hasla ya wikendi, HELB imeingia juzi, ama ile soo mbili soo mbili umekuwa ukiweka pembeni tangu Januari. Kuna mtu ndani ya simu yako anaitaka hiyo pesa. Ana taa ya duara, ana ukuta mweupe, ana gauni limening'inia kwa hanga, na mkononi ameshika kadude kanakofanana na birika iliyokonda. Anakapitisha mara mbili, mvuke unatoka, mikunjo inapotea. Halafu anakuangalia machoni na kukwambia: "Tupa pasi yako."

Usitupe.

Kwanza tumalizane na jina. Hapa Kenya ukisema stima, mtu anafikiria tokeni. Kwa wazee wa Pwani, stima ilikuwa meli. Sasa imekuja stima ya tatu, hii ya kunyoosha nguo kwa mvuke. Mimi nitaiita kistima ndio tusichanganyikiwe, na pia kwa sababu ni kadogo kuliko kelele zake.

Hoja yangu ni moja. Kistima ni chombo kizuri cha kazi ndogo, na kinauzwa kama chombo cha kazi kubwa. Kinapulizia nguo mvuke. Hakipigi pasi. Na wengi wanaokiuza wanajua hiyo tofauti vizuri sana, ndio maana hawajawahi kukuonyesha shati.

Rudi uziangalie hizo video. Safari hii usiangalie mkono, angalia nguo. Ni gauni la kitambaa chepesi kinachoteleza. Ni blauzi ya poliesta. Ni pazia. Ni ile suti ya nyumbani inayometameta. Mara ngapi umeona shati jeupe la pamba, limetoka kufuliwa kwa beseni, likakamuliwa kwa mkono mpaka likafanana na kamba, likakauka kwa jua la Pipeline? Mara ngapi umeona suruali ya kitambaa kizito ikipata mstari mbele? Sketi ya shule yenye marinda je? Hizo ndizo nguo zetu. Ukiziweka mbele ya kistima, video haiwezi kuwa ya sekunde kumi na tano. Itakuwa ya dakika kumi na tano, na mwisho wake shati litakuwa limelegea tu.

Si uchawi, ni vile nyuzi zimeumbwa. Pamba ni selulosi, minyororo mirefu midogo sana iliyoshikana kwa vifungo vidogovidogo. Maji yakiingia, hivyo vifungo vinaachia. Nguo ikikauka, vinashikana tena, na vinashikana katika umbo lolote ambalo nguo iko nalo wakati huo. Imekauka ikiwa imekunjamana? Basi mkunjo umefungwa humo. Ndio maana kuinyoosha pamba kunataka vitu vitatu kwa pamoja: unyevu wa kuachia vifungo, joto la kuikausha, na uzito wa kuilaza ikiwa inakauka. Pasi inaleta joto na uzito, wewe unanyunyiza maji. Kistima kinaleta unyevu na joto kiasi, kisha kinakuacha hapo. Nguo inabaki na unyevunyevu, inaning'inia, inakauka vile inavyotaka yenyewe.

Poliesta ni hadithi nyingine. Yenyewe inaanza kulegea kwenye nyuzijoto kama 70 au 80, kwa hivyo mvuke unaiweza bila jasho. Ndio maana nyota wa video zote ni poliesta.

Na kama umesoma shule ya bweni, hii sayansi unaijua tayari. Nani alikuwa na pasi huko? Suruali ilikunjwa kwa mstari wake, ikawekwa chini ya godoro, ukailalia. Asubuhi unatoka ukiwa na laini ya kukata kitunguu. Hakukuwa na mvuke wowote. Kulikuwa na uzito wako na usiku mzima. Wengine walijaza maji moto kwa kikombe cha chuma wakakipitisha kwa kola. Tena uzito, tena joto, tena kitu kigumu kinachogusa nguo. Na pasi ya makaa ya nyanya yako, ile ya kupepea na kutoa majivu, ilikuwa nzito kwa sababu. Watu walijua wanachofanya kabla huyu wa taa ya duara azaliwe.

Nenda Gikomba uone. Kuna wasee pale kazi yao ni kupiga pasi mitumba kabla ifike kwa hanga, na wanatumia pasi nzito za chuma zinazopashwa moto kwa makaa. Hao hawafanyi kontenti. Riziki yao inategemea nguo ngapi zimetoka zikiwa safi kabla ya wateja kuamka. Kama kadude ka mkononi kangemaliza hiyo kazi, si wangekuwa wamekahamia zamani?

Sasa tuingie kwa namba, kwa sababu namba hazina kamisheni.

Angalia lebo ndani ya nguo yako, hata kama ni ya mtumba. Utaona kapicha ka pasi kenye nukta. Nukta moja maana yake joto lisizidi nyuzijoto 110. Mbili, 150. Tatu, 200. Pamba kwa kawaida inabeba nukta mbili au tatu. Kumbe kitambaa chenyewe kinakwambia kinaweza kuhimili joto gani. Sasa mvuke wa kistima? Ukishatoka kwa mdomo wake na kukutana na hewa, hauko mbali na joto la maji yanayochemka. Mombasa hiyo ni 100. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye 94 hivi. Eldoret ni chini zaidi. Unapeleka nyuzijoto 94 kwenda kupigana na mkunjo ambao pasi inauendea na 200 pamoja na uzito juu yake. Manze, hiyo si mechi.

Halafu kuna vile vya bei ya chini kabisa, vidogo kama chupa ya losheni, wanakwambia ni vya safari. Pindua usome wati. Kubadilisha maji kuwa mvuke kunakula nguvu nyingi, na hapo hakuna njia ya mkato. Kifaa cha wati 300, hata kisipopoteza joto lolote mahali popote, hakiwezi kutoa zaidi ya gramu 7 hivi za mvuke kwa dakika. Saba! Ili upate gramu 20 kwa dakika, ambayo ndiyo inaanza kufanya kazi ya maana kwa gauni, unahitaji karibu wati 900, na hiyo ni kabla ya hasara ya joto. Kwa hivyo kile cha wati 300 ni pumzi ya mgonjwa. Hata usipojua kitu kingine kuhusu hivi vifaa, jua kusoma wati.

Na ukishapata kikubwa, tangi lake nalo ni kama mililita 200. Kwa gramu 20 kila dakika, ni dakika kumi maji yameisha. Unajaza tena, unasubiri kipashe tena. Shati la pili bado linakungoja.

Utaniuliza, mbona nakasirikia kifaa cha nguo? Sikasirikii kifaa. Nakasirikia ni nani anauziwa.

Hizi video hazimlengi mtu mwenye chumba cha nguo na dada wa kazi. Zinakulenga wewe wa bedsita, ambaye hujawahi kununua pasi, na Jumatatu una intavyu. Wewe ndiye uko na shati moja la kazi. Unahesabu: nikinunua kistima sitahitaji pasi, sitahitaji meza, nitaokoa nafasi. Unalipa. Jumatatu asubuhi saa kumi na mbili unapuliza, unapuliza, kola bado imesimama kama sikio la mbwa, mbele ya shati ina alama za maji, na matatu haikungoji. Unaingia kwa hiyo ofisi ukiwa umejishika kifuani ndio watu wasione. Umeshashindwa kujiamini kabla ya swali la kwanza. Sisemi mtu apimwe kwa kola yake. Nasema tunapimwa, na wewe unajua tunapimwa, na anayekuuzia anajua. Anauza hiyo hofu yako halafu anakuachia mikunjo.

Na sisi tunaotengeneza kontenti tuambiane ukweli. Kuchukua kamisheni si dhambi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa vibe. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "hiki kinafaa magauni mepesi" na kusema "tupa pasi." Ya kwanza ni tangazo. Ya pili ni uongo wenye linki kwa bayo. Ukiwa na watu wanaokuamini, na wengi wao wana miaka kumi na saba, hiyo imani ndiyo mtaji wako wote. Kuiuza kwa asilimia fulani ya kistima ni biashara mbaya hata kwako mwenyewe.

Sasa ngori kubwa. Ile video ya mtu amevaa nguo tayari, anajipulizia mvuke kifuani akicheka. Hiyo ndiyo inaniudhi kuliko zote.

Mvuke si hewa ya joto tu. Ukigusa ngozi unageuka kuwa maji, na ukigeuka unaachilia ile nguvu yote iliyotumika kuutengeneza. Ndio maana mvuke unaweza kuchoma vibaya kuliko maji moto ya kiasi hichohicho. Ongeza kwamba ukiinamisha kistima vibaya kinatema matone yanayochemka, na kitambaa kikilowa kinaishikilia hiyo moto kwa ngozi yako. Usinyooshe nguo ikiwa mwilini. Hata kwa sekunde mbili, hata kama umechelewa. Na ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno hapana. Unga hapana. Yai hapana, litie kwa chapati.

Na plagi pia. Kenya tuko kwa volti 240. Vingine vinavyoletwa kwa mizigo ya mtandaoni ni vya nchi za volti 110, na vinakuja na miguu miwili bapa. Ukikichomeka hapa na kiadapta cha kubadilisha miguu tu, kinavuta zaidi ya mara nne ya nguvu kilichoundiwa. Hapo umenunua moto. Soma volti, tafuta kibandiko cha ISM cha KEBS kwa bidhaa ya kutoka nje, na usikichomeke kwa ekstensheni moja na koili ya kupikia.

Nisikie upande wa pili sasa, kwa sababu komenti zenu nazijua kabla hamjaandika.

"Lakini kistima changu kinanisaidia." Naamini. Kama unavaa buibui na abaya za kitambaa laini, kistima ni rafiki. Kama una gauni lenye shanga na nakshi ambazo pasi ingeziyeyusha, ni rafiki. Koti la suti la sufu linapenda mvuke kuliko linavyopenda chuma. Dada anayeuza magauni kwa stoo ya tauni, akitoa nguo kwa robota iliyobanwa na kuining'iniza, kwake hicho ni kifaa cha kazi na kinajilipa. Hata kuna mashati ya pamba yaliyotiwa dawa kiwandani yasikunjamane. Hiyo ni kazi ya wanakemia kama Ruth Benerito wa kule New Orleans, walioshikanisha ile minyororo ya selulosi ili ikae wima. Shati kama hilo mvuke unaliweza. Sikatai hata moja. Nakataa tu kuambiwa kwamba hiyo ndiyo hali ya kabati lako.

"Pasi inachoma nguo." Pasi inachoma nguo ya mtu ambaye hajasoma nukta. Anza na nguo za joto la chini ukipanda kwenda za joto la juu, pindua nguo nyeusi ndani nje, weka leso nyembamba juu ya kitambaa usichokiamini. Na mvuke nao si malaika. Akriliki yenye nukta moja, zile sweta za kuvutika, mvuke unaweza kuilegeza isirudi tena. Hariri inaweza kubaki na madoa ya maji. Ngozi usijaribu hata kidogo.

"Kinaua viini na kunguni kwa mitumba." Polepole. Joto linaua kunguni, ndiyo, lakini likikaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha. Wewe unapitisha kwa haraka, mdudu amejificha kwa mshono, na wakati mwingine pumzi ya mvuke inamrusha tu aende kwa godoro. Na doa la damu au jasho ambalo halijafuliwa, ukilipasha joto unaligandisha palepale. Mtumba unafuliwa kwanza. Hakuna kifaa cha kuruka beseni.

"Kinaokoa tokeni." Hesabu. Kistima cha wati 1,500 kwa dakika kumi kinakula robo uniti. Pasi ya wati 1,200 kwa dakika hizo kumi haifiki hapo, kwa sababu ikishapata moto inajizima na kujiwasha. Tena pasi unaweza kuizima na kumalizia kitambaa chepesi kwa joto lililobaki. Kistima ukikizima, mvuke umekwisha. Hata uniti moja ukiihesabu shilingi 30, tunagombania shilingi chache. Tokeni si sababu ya kununua hiki wala kile.

"Sina meza ya pasi." Nani alikuwa nayo? Kunja blanketi mara mbili juu ya kitanda kigumu ama sakafu, tandika leso ya pamba juu, umemaliza.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu, na hauna linki. Kama huna kitu chochote, nunua pasi kwanza. Ya kawaida, kavu, yenye kitako laini na kibonyezo cha joto kinachofanya kazi, pamoja na kachupa ka kunyunyiza maji. Ukifua, kung'uta shati kwa nguvu kabla ya kulianika, lining'inize kwa hanga, funga kifungo cha juu. Lipige pasi likiwa bado na unyevunyevu, usingoje liwe kama karatasi. Piga la Jumatatu Jumapili jioni, kwa sababu Kenya stima ya ukuta nayo ina siku zake. Halafu baadaye, ukipata nguo zinazostahili mvuke, nunua kistima kama kifaa cha pili, cha wati za kutosha. Kijazie maji yasiyo na chumvichumvi, kwa sababu maji ya kisima yanaacha ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika, na ukoko huo ukiziba matundu kitaanza kutema. Ukimaliza, mwaga maji yote.

Na kwa wenzangu wa kamera, nina ombi dogo. Chukua shati jeupe, pamba tupu. Lifue kwa mkono, likamue, lianike, likauke kabisa. Kisha washa kamera, washa kistima chako, na usikate video mpaka kola, mikono na mbele vimenyooka. Ukifaulu, weka linki, na mimi mwenyewe nitaisambaza. Ukishindwa, wacha watu na pasi zao.